Pikipiki yako ya kwanza: ikague kabla hujaipenda

Ukitaja tu kijiweni kwamba unatafuta pikipiki, washauri wanajaa. Mmoja anasema chukua Boxer ufunge mjadala, mwingine anaapa kwamba TVS inanusa tu mafuta, wa tatu ana shemeji yake anauza SanLG "nzima kabisa, kuwasha na kuondoka". Wote wanakujibu pikipiki ipi ni nzuri. Wewe unayeanza una swali jingine: ni ipi utaimudu wakati mikono bado mizito, kwenye barabara unayopita kila siku, na ambayo ikigoma Jumatatu asubuhi itakuwa imepona kabla ya jioni? Mara nyingi hiyo si ile iliyokuvutia dukani.

Taratibu za leseni na kadi nilizoweka hapa ni za Tanzania. Habari za kiti, breki, cheni na moshi hazina mpaka.

Hatua ya 1: Jifunze kwa pikipiki isiyo yako

Wengi hununua kwanza, kisha jioni wanambembeleza kijana wa bodaboda awafundishe kwenye kiwanja cha shule. Pindua utaratibu huo. Chukua leseni ya kujifunzia, nenda chuo cha udereva kinachotambulika, ujaribiwe na trafiki, upate leseni ya daraja la pikipiki. Pikipiki ya chuo imeshaangushwa na watu wengi kabla yako, kwa hiyo nawe ukiiangusha hulii. Zaidi ya hapo, mtu ambaye hajawahi kuachia klachi kwenye mlima hana cha kulinganisha akifika dukani. Atachagua rangi.

Uko tayari kununua ukiweza kuondoka bila kuzima, kuzunguka namba nane kwa mwendo wa mtu anayetembea bila kuweka mguu chini, na kusimama kwenye mstari uliouchora mwenyewe ardhini, si mita mbili mbele yake.

Hatua ya 2: Iandike njia yako

Chukua karatasi. Andika unatoka wapi, unakwenda wapi, kilometa ngapi, lami inaishia wapi, na masika yakianza hali inakuwaje. Andika pia utabeba nini: laptopu mgongoni, dumu la maji, mtoto wa shule, au gunia.

Mtu wa Dar es Salaam anayeshuka kutoka Mbezi hadi Posta kwa Morogoro Road anaishi kwenye foleni. Atashika na kuachia klachi mamia ya mara kabla ya kufika kazini, na njia za mabasi ya mwendokasi si zake hata zikiwa tupu. Huyu anahitaji chombo chepesi, klachi laini, vioo viwili vinavyoonyesha kitu. Mtu wa ndani ndani Kigamboni ana mchanga: tairi nyembamba ya lami itamchezesha kama nyoka, na kwake aina ya tairi ina uzito kuliko ukubwa wa injini. Afisa ugani wa milima ya Njombe ana tope jekundu na miteremko mirefu, ndiyo maana miradi na halmashauri miaka yote zimekuwa zikinunua Yamaha AG100, Yamaha DT na Honda XL. Zina tairi za kashata (zenye meno makubwa), zimeinuka kutoka ardhini, na ekzosi haigongi mawe.

Andika safari ya kila siku, si ya mara moja kwa mwaka. Kuna watu wanabeba mzigo wa pikipiki kubwa miezi 12 kwa sababu ya kwenda Moshi Krismasi. Moshi nenda na basi.

Hatua ya 3: Usizidi cc 150

Hapa sina mjadala mrefu. Kwa anayeanza, kati ya cc 100 na 150 panatosha, na mimi ningesimama kwenye 125. Ya 100 hubana mafuta vizuri na ni nyepesi, lakini ukiwa na abiria mlimani itakulazimisha kurudi gia mapema. Ya 150 ni ya mwenye mizigo au milima. Ya 125 inakwenda mwendo wa kawaida wa barabara kuu bila kulia, na mjini haina haraka ya kukutoroka mkononi.

Yale mabaiki makubwa ya mitumba kutoka Japani yanavutia, na bei yake wakati mwingine inashawishi. Lakini tazama hesabu: Boxer ya 150 inatoa nguvu za farasi 12 hivi, baiki ya mbio ya cc 600 inatoa zaidi ya 100. Mkono wa mafuta ukishtuka kidogo kwenye Boxer, unaona aibu. Ukishtuka kiasi hichohicho kwenye ile ya 600, gurudumu la mbele linaweza kuinuka. Subiri.

Hatua ya 4: Kaa juu yake, na uisukume

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka kwa sababu muuzaji anatazama na wanaona haya. Usione haya.

Vaa viatu utakavyoendeshea. Kaa, toa stendi, isimamishe wima. Nyayo zote mbili zikitua chini, safi. Ukigusa kwa mbele ya unyayo kwa miguu yote miwili, bado sawa. Ukigusa kwa ncha za vidole, iache, hata kama fundi anakuambia utazoea. Lami yetu haina ukingo ulionyooka: siku utasimama kwenye taa, mguu wa kushoto utatafuta ardhi na kukuta shimo, na kilo zaidi ya mia zitaanza kuegemea upande huo. Zikishapita pembe fulani hakuna mkono wa mtu unaozirudisha. Boxer na TVS za kawaida zina uzito wa kati ya kilo 110 na 125 hivi na kiti chake ni cha chini. DT na XL viti vyake viko juu, na mtu mfupi hupata shida nazo hasa akiwa na abiria.

Kisha shuka. Injini ikiwa imezimwa, isukume mbele hatua kumi, irudishe nyuma, igeuze. Ipandishe kwenye stendi ya kati peke yako, bila kusaidiwa. Rudi ukae, kata usukani mpaka mwisho kushoto halafu kulia, uone kama vidole bado vinafikia klachi na breki bila kiwiliwili kujipinda. Kama umeshindwa moja ya hayo dukani, penye sakafu ya saruji na kivuli, njiani itakuwa vigumu zaidi.

Hatua ya 5: Fahamu gia na breki zake

Gia hazifanani. Kwenye pikipiki nyingine namba moja iko chini na zilizobaki ziko juu; kwenye nyingine, zikiwemo baadhi za Kihindi, unakanyaga mbele zote, na kurudi unakanyaga kwa kisigino pedali ya nyuma. Mtu aliyejifunza mpangilio mmoja akihamia mwingine, siku ya dharura mguu utafanya ulichozoea: alitaka kupunguza, kumbe ameongeza. Muulize muuzaji waziwazi, na ikiwezekana nunua yenye mpangilio uliojifunzia.

Skuta ya kisasa haina klachi wala gia za kukanyaga. Kwa mjini ni chaguo zuri sana, na kwa anayevaa sketi, dera au baibui ni salama zaidi, kwani miguu inakaa mbele, mbali na cheni. (Kwenye pikipiki ya kawaida, nguo ndefu ikishikwa na cheni au spoku inakuangusha ukiwa mwendoni. Hakikisha kava la cheni lipo.) Ubaya wa skuta ni magurudumu madogo: shimo ambalo Boxer inaliruka, lenyewe linaimeza skuta. Vespa za zamani, zile zinazopendwa Zanzibar, gia zake ziko mkono wa kushoto na nyingi hutaka oili ichanganywe na petroli. Ni chombo cha mapenzi, si cha kuanzia.

Sasa breki. Utaambiwa na watu wenye uzoefu wa miaka: "Ya mbele usiiguse, itakurusha." Ushauri huo umevunja watu wengi. Unapofunga breki, uzito mwingi unakimbilia mbele na kuligandamiza gurudumu la mbele barabarani, kwa hiyo hilo ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha. La nyuma linabaki jepesi. Ukilikanyaga peke yake kwa nguvu linajifunga, linateleza, na pikipiki inakwenda ubavu. Kinachorusha mtu ni kuinyakua ya mbele ghafla, au kuishika huku usukani umekatwa, au juu ya mchanga. Ukiibana taratibu na kuongeza, pamoja na ya nyuma, unasimama mapema zaidi. Ndiyo maana, bajeti ikiruhusu, chukua yenye diski mbele: vidole viwili vinatosha. Ya shuu si mbaya, ila kebo yake hutaka marekebisho mara kwa mara na watu husahau.

Hatua ya 6: Nenda kwa fundi kabla ya kwenda dukani

Mfuate fundi wa karibu na kwako, yule utakayemsukumia pikipiki ikizima, na umuulize anatengeneza zipi zaidi. Kisha ingia maduka mawili au matatu ya spea ya mji wako, uulize bei ya kebo ya klachi, breki shuu, CDI (kifaa cha umeme kinachoamuru plagi iwashe), na cheni na sproketi zake. Kipimo si Kariakoo, maana Kariakoo kila kitu kipo. Kipimo ni Ifakara, Tandahimba, au popote unapolala wewe. Ukiambiwa "hiyo tunaagiza", umejibiwa.

Kwa kipimo hiki Boxer na TVS zinaziacha nyingi mbali. Bodaboda wamezifanya zijulikane kila kijiji, na fundi wa miaka 19 anaifungua injini yake bila kutazama mara mbili. Za Kichina, kama SanLG, zina bei rafiki, na nyingi za cc 125 na 150 zinatumia injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125 ya miaka ya 1970, kwa hiyo spea za ndani ya injini huingiliana. Tatizo ni plastiki, taa, dashibodi na tangi: jina likitoweka sokoni, hivyo vinatoweka nalo. Za Kijapani hudumu sana lakini spea halisi ni ghali, na feki zake ni nyingi.

Za umeme ni tulivu na hazina klachi, na Kigali na Nairobi ziko kampuni kama Ampersand zinazobadilishia wateja betri vituoni. Hapo kigezo ni kimoja: kituo kiko wapi kutoka kwako. Kama hakipo njiani mwako na nyumbani umeme unakatika ovyo, subiri kwanza.

Hatua ya 7: Mpya au ya mkononi?

Kama una milioni tatu, usinunue pikipiki ya milioni tatu. Toa kwanza ya kofia, glavu, koti la mvua, bima, na akiba ya marekebisho ya mwezi wa kwanza. Kinachobaki ndiyo bajeti ya pikipiki, na kinaweza kukupeleka kwenye ya mkononi. Si aibu, hata kuangusha utaangusha, na mkwaruzo kwenye tangi lenye mikwaruzo hauumi.

Ila ujue kwamba kila pikipiki ya mkononi nchini ilikuwa ya mwalimu. "Bosi, hii ilikuwa ya mwalimu, anaendea shuleni na kurudi tu." Huenda ni kweli. Hesabu upande wa pili: ya boda inayokimbia kilometa 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, inamaliza kilometa 30,000 ndani ya mwaka. Kwa hiyo tafuta alama za kazi: vikanyagio vya abiria vilivyolika raba, matundu ya boliti za keria au mwavuli, gadi zenye makovu, siti iliyoshonwa upya, na dashibodi ambayo kilometa zake zimekufa.

Nenda asubuhi, jua likiwepo, na mwambie muuzaji kwa simu asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto, ameipasha makusudi. Injini iliyochoka huwaka kwa shida ikiwa baridi, na hicho ndicho alichotaka usikione.

Chuchumaa mbele. Angalia nguzo za shokapu: ute wa oili ulioshika vumbi maana yake sili zimekufa. Fuata chesisi kwa kidole kuanzia shingoni. Mshono wa kuchomelea usiofanana na mingine, au rangi mpya sehemu moja tu, ni ajali iliyofunikwa. Kwa pikipiki zilizokaa Tanga, Mtwara au visiwani, chungulia chini ya siti na ndani ya tangi, chumvi ya bahari huanzia pasipoonekana.

Ipandishe stendi ya kati, mtu aikalie nyuma ili gurudumu la mbele lining'inie. Zungusha usukani polepole upande hadi upande. Ukisikia kama unakwama katikati, beringi za shingo zimekwisha. Shika shokapu chini, vuta na sukuma: mlio wowote wa "tok" ni beringi hizohizo. Hamia nyuma, tikisa gurudumu la nyuma kushoto na kulia. Likicheza, ni bushi au beringi za gurudumu. Vuta cheni pale inapokumbatia sproketi ya nyuma. Ikiachana na meno, au meno yamechongoka na kuinama, weka bei ya seti nzima kwenye mazungumzo.

Ndipo uwashe. Mvuke mweupe mwepesi asubuhi unaokatika haraka si kitu. Moshi wa bluu unaozidi ukipiga resi maana yake inakula oili: ringi za pistoni au sili za valvu. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na mara nyingi kabureta au chujio la hewa linatosha kurekebishwa. Sikiliza pia mlio wa kugonga unaofuata mwendo wa injini. Huo usiupigie bei, uondoke.

Wewe bado mwanafunzi, kwa hiyo majaribio ya barabarani mwachie fundi wako. Wako, unayemlipa wewe. Simama nyuma yake akiondoka, uone kama magurudumu mawili yanafuatana mstari mmoja. Yakiwa yamepishana, huenda chesisi imepinda, na hilo halina spea.

Hatua ya 8: Kadi kwanza, pesa baadaye

Pikipiki nyingi za mtaani ni za mkataba: dereva analipa mwenye mali kila wiki mpaka amalize, na hadi hapo kadi ya usajili haiko mkononi mwake. Akikuambia kadi iko kwa bosi, ataileta kesho, basi na hela yako italetwa kesho. Linganisha kwa macho yako namba ya chesisi na ya injini zilizogongwa kwenye chuma na zile za kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Namba zilizosagwa au kugongwa upya ni kesi ya polisi inayokungoja. Angalia madeni ya faini kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya usajili, na uhakiki bima kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) kabla ya kuamini stika.

Andikishianeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, na mashahidi wa pande zote. Kisha muuzaji na wewe mfuatilie TRA (mamlaka ya mapato) kuhamisha umiliki, mkiwa na TIN zenu, yaani namba za mlipakodi. Usikubali kubaki unatembelea jina la mtu mwingine kwa sababu "ni usumbufu tu". Siku ikigonga mtu au ikiibwa, mwenye jina ndiye mwenye pikipiki.

Hatua ya 9: Kofia

Shirika la Afya Duniani limekuwa likitaja kwamba kofia ngumu inayovaliwa ipasavyo hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 40 hivi, na ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 70. Kofia hiyo si ganda jepesi lisilo na sponji gumu ndani linalopewa bure na pikipiki mpya. Tafuta yenye kufunika uso, yenye alama ya ubora (TBS, yaani ya Shirika la Viwango Tanzania, au herufi E ndani ya duara kwa za viwango vya Ulaya). Ivae dakika kumi dukani: ibane mashavu bila kuuma paji la uso. Funga mkanda, kisha mtu aisukume kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikivuka kichwa, si yako. Ya mkononi usinunue, kwani iliyowahi kugonga lami huwa imevunjika ndani na nje inang'aa.

Hatua ya 10: Mwezi wa kwanza

Usibebe abiria. Si mke, si mdogo wako, si jirani wa hapa tu. Abiria hubadilisha kila ulichojifunza kuhusu uzito na breki.

Jifunze koki ya mafuta ilipo kwa kupapasa: ikizima barabarani kwa kukata mafuta, unaigeuza kwenye akiba bila kuangalia chini, halafu unakwenda moja kwa moja kituoni. Upepo wa tairi ufuate kibandiko cha kiwandani, si kidole gumba cha mtoto wa kujaza.

Kama ni mpya, usiivute mpaka mwisho kwa kilometa 500 za kwanza, na usiende mwendo mmoja muda mrefu. Zikitimia, mwaga oili yote, hata kama inaonekana safi. Ina vumbi la chuma la injini inayojizoesha. Weka oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA (kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki), maana baadhi ya oili za magari huifanya klachi iteleze. Siku hiyohiyo kaza cheni, kwani mpya hurefuka haraka mwanzoni: ukiisukuma juu kwa kidole, katikati ya upande wa chini, icheze sentimeta mbili hadi tatu.